Kaburi la Barua

Mimi ni mtu wa makaratasi. Kazi yangu hapa Tunduma ni kuvusha malori ya watu kwenda Zambia, na kwa miaka kumi na tisa nimekula kwa sababu karatasi fulani ilikuwepo, au nimelala njaa kwa sababu karatasi fulani haikuwepo. Dereva akija kunililia kwamba ana siku ya nne kwenye foleni, chakula kimemwishia na mkewe anampigia simu za shari, namsikiliza mpaka mwisho, namwonea huruma ya kweli, kisha namuuliza kibali kiko wapi. Madereva wa Kizambia wananiita "ba mayo", yaani mama, lakini kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Nasema haya mapema asije mtu akadhani niligombana na fomu kwa ushamba. Fomu nazijua. Hiyo moja ndiyo iliyonishinda tabia.

Ilikuja na kijana wa Kizungu aliyekwama mpakani mwaka juzi, mwezi wa saba, akitokea Nakonde, upande wa Zambia. Gari lake halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mitambo iliyokuwa nyuma, vyombo vya kupimia ardhi na kamera za miguu mitatu, vyote havina kibali cha kuingia nchini kwa muda. Nikamhangaikia siku mbili. Alikuwa mpole muda wote, jambo lililozidi kuniudhi, maana mtu mpole huwezi kumgombeza ukashiba. Siku ya pili, tukisubiri muhuri, nikamuuliza kama anatafuta dhahabu, kwa kuwa wengi wanaopita na vyombo vya namna ile huishia kwenye machimbo ya Galula.

Akasema anatafuta makaburi.

Taasisi yake huko kwao, akanieleza, inatunza makaburi ya askari waliokufa katika zile vita kuu mbili. Askari wa Kizungu, popote alipofia, ana jiwe lake, ana jina lake, na nyasi za pembeni hukatwa. Askari weusi na wapagazi waliokufa katika vita hizohizo wengi hawakuwekewa chochote. Wakubwa wa enzi zile waliandika kabisa, kwa wino, kwamba Mwafrika hana desturi ya kuthamini jiwe la kaburi, kwa hiyo ya nini kupoteza mawe. Sasa wameona aibu na wanakusanya majina yachongwe. Alisema "wameona" kana kwamba aibu yenyewe ni ya majirani.

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Baba wa bibi yangu alikufa Burma."

Kijana akaweka chini chupa yake ya maji. Akauliza kama najua alipozikwa. Nikamwambia ndiyo, amezikwa Itaka, kwenye shamba letu la kahawa. Akashangaa, akasema hajawahi kusikia mwili uliorudishwa kutoka Burma. Nikamwambia haukurudishwa. Tulizika barua.

Hapo inabidi nieleze, kama nilivyomweleza yeye, ingawa nilipokuwa namweleza niliona anaandika haraka mno na nikatamani kunyamaza.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na miaka kama mitano tarishi wa bwana mkubwa wa wilaya alipofika na baiskeli na bahasha na kikasha kidogo. Pale uani hakuna aliyejua Kiingereza. Akaitwa mwalimu wa dini. Akaisoma mara moja, kisha akaisoma tena kwa kuwa mke wa marehemu alimwomba arudie, labda safari hii itasema kitu kingine. Haikusema. Watu wakaanza kulia, wengine wakaenda kuwaita ndugu, na jioni ile msiba ukawa umejaa watu lakini hauna maiti.

Msiba usio na maiti ni kazi. Kaka zake marehemu walibishana siku mbili. Mmoja alisema hakuchimbwi kaburi bila mtu. Mwingine akasema mtu asiyezikwa hatulii, na mjane wake hatatoka matangani maisha yake yote, atakaa na kamba ya ujane shingoni mpaka ajifie. Wa tatu ndiye aliyeleta neno. Karatasi hii, alisema, imetoka alikofia. Imeshikwa na waliomwona. Ina jina lake. Basi karatasi ndiyo yeye. Wakaikunja, wakaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na medali iliyokuwa ndani ya kikasha, wakalivingirisha kopo kwenye blanketi alilooa nalo, na wakachimba kaburi la urefu wa mtu mzima, maana mtu hafukiwi kama mbegu. Wakamwombea, wakamfukia. Baada ya siku zake wakanyoa nywele, wakaanua matanga, mjane akavuliwa ile kamba, na maisha yakaendelea. Mibuni ilipopandwa, mistari ilikatwa kulizunguka lile kaburi.

Msicheke. Ama chekeni, mimi mwenyewe nimecheka sana, halafu hasira zikanipata. Kati ya familia zote za wilaya hii zilizopoteza mtu katika vita ile, ni sisi ambao akili zilituelekeza kuuchimbia chini ushahidi wetu wote, kwa heshima zote na nyimbo juu.

Kijana akafungua mkoba, akanipa fomu. Kurasa mbili. Jina kamili la marehemu, nikajaza. Jina la baba yake, nikajaza. Kijiji alichotoka, jina la mke, jina la mtoto aliye hai, nikajaza kwa herufi kubwa na mwandiko wangu wa ofisini. Namba yake ya jeshi, sijui. Kikosi, sijui. Mwisho kabisa paliandikwa: ambatanisha hati ya uthibitisho. Nikamrudishia na kumwambia kwamba hati ndiyo hiyo niliyomwambia tumeizika.

Akasema kwa upole, pole sana, lakini bila hati jina haliwezi kuingia kwenye jiwe; labda likae kwenye orodha ya pembeni, "hajathibitishwa".

Nikamuuliza rejista zao ziko wapi. Akasema rejista za askari wa Kiafrika, nyingine zilipotea, nyingine hazikuandikwa vizuri tangu mwanzo. Na za Wazungu? Za Wazungu zipo. Je, familia zao zilitakiwa kuleta uthibitisho? Akatafakari, nimpe haki yake, hakukurupuka kujibu. Akasema hapakuwa na haja. Basi nikapandwa na jazba palepale, maajenti wenzangu wakageuka. Nikamwambia kwamba siku ya kumchukua hawakumwomba uthibitisho wa chochote. Jumbe alisimama barazani na orodha, akaita jina, na jina lilikuwa sahihi. Walipomhitaji walimjua mpaka jina la babu yake. Alipokufa walijua nyumba ya kupeleka bahasha. Leo ndiyo hawamjui?

"Nakuelewa," akasema. Hakuna neno linaloniudhi kama hilo. Mimi mwenyewe huwaambia madereva hivyohivyo.

Nikajaribu njia nyingine, kama mtu yeyote wa kazi yangu ajaribuvyo. Nikamwambia tulikuwa na shahidi. Nilipokuwa shule ya msingi, kila mwaka baada ya mavuno alikuwa anakuja kwa bibi mzee mmoja kutoka milima ya Ileje, juu ya Itumba, na gunia dogo la maharage. Alikuwa kule kule, kikosi kimoja na baba wa bibi. Alikuwa analala siku mbili, anasimulia, anaondoka. Alisimulia bila kupandisha sauti, kama anayemwelekeza mtu njia. Kwamba mafunzoni walitembea peku, kwa maelezo kwamba unyayo wa Mwafrika ni mgumu kuliko ngozi ya ng'ombe, na buti walivishwa walipokaribia kupanda meli. Kwamba askari mweupe akikosa alifungiwa, mweusi akikosa alilazwa chini akachapwa viboko mbele ya wenzake, hata kama ana mke na watoto watatu. Kwamba maofisa wote walikuwa Wazungu, na sajini wa Kiafrika mwenye mvi alimpigia saluti mvulana aliyetoka shule juzi, aliyekuwa hajui hata kusoma ramani vizuri, akawapeleka watu mtoni kumbe njia iko kilimani.

Huyo mvulana na baba wa bibi walikufa siku moja, risasi zimetoka kichaka kimoja. Mzungu akachongewa msalaba, jina likaandikwa kwa rangi nyeupe, mahali pakawekwa alama kwenye ramani. Baba wa bibi akafukiwa hatua chache kutoka pale. Wenzake walipouliza jina lake litaandikwa wapi wakaambiwa litaandikwa baadaye. "Hiyo baadaye," mzee wa Ileje alikuwa anasema, "mimi nimeisubiri mpaka nimeota mvi." Aliisubiri mpaka akafa, kwa kweli. Nilikuwa darasa la sita.

"Basi mtafuteni huyo mvulana," nikamwambia mgeni. "Mkimpata, wa kwetu yuko ubavuni."

Akatikisa kichwa taratibu. Baada ya vita, akasema, mifupa ya wale waliozikwa porini ilifukuliwa na kukusanywa kwenye makaburi makubwa. Waliohamishwa ni wale waliokuwa na alama. Waliokuwa na misalaba.

Nikachukua fomu yangu, nikaikunja. Na hapo ndipo kiherehere changu kikazaliwa. Mtu wa makaratasi hawezi kulala akijua karatasi ipo. Kama ni kopo la bati, niliwaza, na limevingirishwa blanketi, na udongo wa Itaka si wa maji, huenda barua ni nzima. Ina jina. Ina namba. Ni suala la jembe na nusu siku. Nikamwambia mgeni asiondoke mkoani kabla hajanisikia.

Kesho yake nikaenda Itaka. Bibi nilimkuta juani anachagua kahawa kwenye kichanja, anatupa mbovu pembeni bila hata kuziangalia, vidole vinamwambia. Alirudi kuishi kwa baba yake tangu babu alipofariki, na shamba analilima mjukuu wa kaka yake, ambaye kwa Kizungu ni binamu yangu wa mbali na kwetu ni kaka tu. Nikaamkia, nikaketi, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Unataka nimfukue baba yangu," akasema.

"Bibi, si yeye. Ni barua."

"Wewe ndiyo unaita barua."

Nikamwambia jina litachongwa kwenye jiwe, watu wa nchi zote watapita watalisoma, halitafutika. Akaendelea kuchagua kahawa. Nikasema yeye ndiye wa mwisho aliyemwona kwa macho. Nikasema watoto wangu hawajui hata kama aliwahi kuishi. Maneno mengine ninayakumbuka na kuona haya, kwa sababu niliyatumia kama ninavyowabana wateja wabishi, neno moja baada ya jingine, bila kumpa nafasi ya kupumua. Mwisho akainua uso.

"Jina lake likitajwa na mtu wa nje," akasema, "mara ya mwisho nimelisikia kwa yule tarishi. Aliita kwa nguvu, kuku wakakimbia. Tangu hapo ni sisi kwa sisi tu, na yule mzee wa maharage." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Ningependa mtu mwingine alitaje kabla sijafa. Hilo sikufichi."

Akakubali, kwa masharti. Iwe mchana. Mzee wa kanisa aombe. Yeye akae karibu aone kila kitu. Na kitu cha baba yake kisitoke humo shambani. Nikasema ndiyo kwa yote manne, haraka haraka.

Siku ya Jumamosi mgeni akaja na gari lake. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba inayoingia mpaka kwenye meno, na upepo unapita kwenye mibuni. Wachumaji wa kahawa wa jirani waliacha vikapu vyao wakaja kusimama kwenye mpaka, hawakuvuka. Bibi alikalia kigoda, amejifunga vitenge viwili na koti la mama yangu. Mzee wa kanisa akaomba. Kisha bibi akamwambia baba yake kwa Kinyiha kwamba tumekuja, asishtuke, ni watoto wake, tunataka kitu kidogo tu. Mgeni akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anasali.

Kaka akaondoa mawe, akaanza kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu juu na laini chini. Alikwenda polepole, na kila alipochelewa mimi nilisogea mbele, mpaka akaniambia, "Dada, hebu rudi nyuma, utatumbukia." Kaburi lilikuwa na urefu kweli. Wale wazee hawakufanya mzaha. Kifua cha kaka kilipofika usawa wa ardhi akaacha jembe, akatumia mikono. Kwanza zikatoka nyuzi za blanketi, nyekundu bado sehemu moja, zinakatika kwa kuguswa. Halafu kopo.

Lilikuwa limeliwa na kutu upande mmoja, mfuniko umeshikana na kopo. Kaka akanipokeza. Hapo ilikuwa nimpe bibi. Ndiyo ilikuwa haki, ndiyo ilikuwa heshima, na hata mtoto angejua. Lakini nilikuwa nimeshaiona ile namba kichwani, nimeshajaza ile fomu iliyokuwa kwenye faili la plastiki chini ya kwapa langu, nimeshapigiwa muhuri. Nikaingiza ncha ya kisu kwenye mfuniko, nikaufungua. Ndani kulikuwa na medali, imechafuka, na chini yake karatasi, imekunjwa mara nne, ya rangi ya chai. Mgeni akasema, "Subiri, usiiguse, inatakiwa..." Nikaigusa. Nikajaribu kuikunjua.

Ikamwagika. Sijui niseme vipi. Haikuchanika, ilimwagika, kama unga wa ugoro, mwingine vidoleni, mwingine kwenye viatu vyangu, na upepo ukachukua uliobaki ukaupeleka kwenye mibuni. Palibaki kipande cha ukubwa wa ukucha, na hakikuwa na herufi hata moja.

Hakuna aliyenikemea. Ningekemewa ningepata pa kushika. Msiba wa kujitakia hauna kilio, wanasema, lakini mimi nililia, na nililia kwa hasira, nikimtukana kila mtu moyoni kuanzia jumbe mwenye orodha mpaka mimi mwenyewe. Kaka akatoka shimoni akasimama tu. Mgeni, ambaye naye alikuwa amekuwa mwekundu shingoni, akaomba kuitazama medali. Akaisafisha kwa kidole gumba. Upande mmoja kulikuwa na uso wa mfalme na maandishi yakiuzunguka, upande wa pili mnyama. Akaigeuza ukingoni, akaitazama kwa kioo cha kukuzia alichotoa mfukoni. Kisha akasema medali za vita ile hazikuandikwa majina, hata walizopewa Wazungu wao, nyingi hazina. Kwa hiyo peke yake haithibitishi ni ya nani. Ila akipewa akaenda nayo kwao, kuna wataalamu, huenda ikasaidia, hawezi kuahidi.

Nikamtafsiria bibi. Nilitafsiri vibaya, pua inaziba.

Bibi akanyoosha mkono, akapewa medali. Akaiweka karibu na macho. Akauliza, "Huyu ndiye nani?"

"Ni mfalme wao, Bibi. Wa zamani."

"Na jina la baba?"

"Halipo."

Halafu akamtazama mgeni, si kwa ukali, kama anayemuuliza mtu habari za nyumbani kwake. "Mwanangu, na wale wa kwenu waliowekewa mawe, ni wangapi mliambia mama zao wafukue kwanza?"

Nikatafsiri. Mgeni akasema, "Hakuna." Alilisema kwa Kiswahili, moja ya maneno machache aliyokuwa nayo, na bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia.

Kisha akamrudishia ile medali. Akamshika mkono, akaiweka kiganjani, akamfunga vidole.

"Bibi," nikasema, "ulisema kitu cha baba yako kisitoke."

"Hiki si cha baba. Siwezi kumzika mfalme kwenye shamba la baba yangu. Mwambie ampelekee mwenyewe."

Mgeni alisimama na ngumi yake iliyofungwa. Kitu alichokuwa anakitaka dakika mbili zilizopita sasa kilikuwa mkononi mwake, na hakujua akiweke wapi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na neno la upole. Nilimwonea huruma kidogo, na huruma yenyewe ikaniudhi.

Bibi alikuwa anatazama kaburi. Lilikuwa wazi, refu, na hamna kitu. Nimewahi kuzika mama yangu na ndugu zangu wawili, nimeona makaburi yakisubiri watu. Sijawahi kuona kaburi lililonyang'anywa mtu wake. Bibi akasema kwa sauti ndogo, na hapo ndipo nilipoisikia miaka yake mitano, "Sasa namzika nani? Nimebaki na shimo."

Mzee wa kanisa akasema tufunike tu, Mungu anajua. Bibi akasema Mungu anajua, ndiyo, lakini Mungu hakuwa na shida ya kujua tangu mwanzo. Akanigeukia mimi. Akaelekeza kidole kwapani kwangu.

"Hiyo uliyoandika. Ina jina lake?"

"Ina, Bibi."

"Soma."

Nikaitoa fomu kwenye plastiki, nikasoma. Jina lake, jina la baba yake, kijiji, jina la mkewe, jina la binti aliye hai. Nilisoma kwa nguvu kidogo, sijui kwa nini, na wale wachumaji pale mpakani wakavua kofia. Bibi alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza akauliza kama kuna karatasi nyingine mahali popote duniani iliyoandikwa hivyo, yote pamoja. Nikafikiri kwa uaminifu, kama ninavyofikiri nikiulizwa na afisa. Nikasema hakuna.

"Kunja," akasema.

Nikajua anachotaka, na yule mtu wa makaratasi aliyemo ndani yangu akasimama mlangoni akakataa. Nikamwambia kwamba fomu haijapelekwa. Nikamwambia kwamba bila hiyo hata ile nafasi ndogo ya kuandikwa "hajathibitishwa" itapotea, tutakuwa tumetoka bure kabisa. Mgeni naye akawa ameelewa, akasogea, akasema tafadhali, hiyo ndiyo ya asili, ina sahihi, angalau apige picha kwanza. Akauliza kama ninaweza kumwelewesha bibi umuhimu wake.

Nikamtafsiria bibi kila neno, pamoja na tafadhali.

"Mwambie," bibi akasema, "fomu anazo nyingine. Mimi baba sina mwingine."

Nikamwambia. Nikaikunja fomu mara nne, nikaiweka kwenye kopo, nikaubana mfuniko kwa kitambaa nilichochana kwenye kitenge changu. Safari hii nilimpa bibi kwanza. Akalishika mapajani muda mrefu, kaka amerudi shimoni anasubiri na mikono juu, na hakuna aliyemharakisha.